Aliyeshusha Kiwango

Niseme mapema tusipotezeane muda: nilikwenda pale kulipiza kisasi. Watu wa kazi yangu hatulipendi neno hilo. Tunasema tathmini, tunasema vihatarishi, tunasema mabadiliko ya mazingira ya bahari. Yote hayo nilikuwa nayo kwenye mkoba, yamepangwa vizuri. Lakini rohoni nilikuwa na donge, na donge hilo nilikuwa nalo tangu siku meneja wa kiwanda kile alipomvua mdogo wangu buti za kampuni mbele ya wafanyakazi wenzake, akamwacha atembee peku mpaka getini.

Kiwanda chenyewe kinatotolesha kamba. Bomba moja kubwa linavuta maji ya bahari na kuyamwaga kwenye tangi la kupokelea. Yakipimwa yakaonekana salama, yanapelekwa kwenye matangi ya ndani waliko vifaranga, wadogo kiasi kwamba usipoinamisha uso huwaoni. Wakikua kidogo wanauzwa kwa wafugaji wa mabwawa huku na huko pwani. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mkuu wa maji. Wenzake walimwita Kipima, kwa sababu alikuwa hapiti karibu na tangi bila kutumbukiza mkono.

Meneja naye alikuwa na jina lake ambalo halikutajwa akiwepo. Walimwita Tutaona. Umwambie pampu inanguruma vibaya, tutaona. Umwambie chumvi imepanda, tutaona. Ukimwomba ruhusa ya kwenda kuzika, nayo tutaona.

Sasa, bahari ya pale imebadilika, na hilo halina ubishi. Miezi ya joto imerefuka, na zipo siku maji ya kilindini yasiyo na hewa yanapanda mpaka karibu na ufuko. Kwa macho huoni tofauti yoyote. Kamba wakiyapata wanakosa pumzi na kufa. Ndiyo maana kwenye tangi la kupokelea kuna kipimo cha oksijeni na king'ora. Oksijeni ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, king'ora kinalia na pampu zinajizima. Zamani kilikuwa kinalia kwa nadra, watu wanashtuka. Miaka hii kikawa kinalia kila mara, pampu zinasimama, wateja wanacheleweshewa mzigo, na Tutaona anatoka ofisini amekunja ndita.

Ikafika siku akamwambia Kipima, "Hicho kidude kinatusumbua. Shusha kiwango. Kidogo tu, tutaona."

Kipima akakataa. Akaambiwa tena kesho yake, akakataa. Mwishowe akaambiwa kama kazi imemshinda aseme, wapo wanaoitaka. Akashusha.

King'ora kikanyamaza na kila mtu akafurahi. Halafu mchana mmoja wa jua kali maji mabaya yakaingia bila kelele, na watu waliporudi kutoka kula wakakuta vifaranga wamelala chini ya matangi, weupe, wote. Tutaona akaita mkutano uwanjani. Akasema hasara ile imeletwa na uzembe wa binti mmoja. Mdogo wangu alipofungua mdomo kusema nani aliyeagiza, akaambiwa asimpakazie mtu mzima. Ndipo akavuliwa buti.

Wafugaji waliokosa vifaranga msimu ule walimfuata mpaka nyumbani kwa mama, wakamporomoshea matusi mlangoni. Mchumba wake akaanza kuwa na shughuli nyingi, na hizo shughuli hazijaisha mpaka leo. Kila kiwanda cha pwani alikoomba kazi walikwisha kulisikia jina lake. Kwa hiyo mtu aliyesomea maji ya bahari akaishia duka la mapazia, anapimia watu madirisha. Bahari hataki hata kutajiwa. Na mimi kila nilipomwona amekaa na ile mita ya kushonea shingoni nilikuwa natamani kumshika mtu fulani koo.

Mungu si Athumani. Kiwanda kikataka kujipanua, bomba la pili, matangi mapya, na benki ikasema haitoi mkopo mpaka tathmini ifanyike. Kazi ikaletwa ofisini kwetu, ikatua mezani kwangu.

Sheria ya kazi yetu iko wazi: ukiwa na ndugu kwenye jambo, unajitoa. Sikujitoa. Mimi na mdogo wangu tumbo moja lakini baba mbalimbali, majina hayafanani, na sura yeye alichukua ya kwao. Nilipangiwa kwenda na mwenzangu mmoja tunayemwita Kanuni, mtu ambaye hata akiagiza chai anauliza utaratibu. Aliniuliza uso kwa uso, "Una uhusiano wowote na kiwanda hiki?"

"Sina," nikasema. Sikupepesa hata ukope.

Silaha yangu niliipata bila kuitafuta. Kuna mama mmoja wa kampuni ya bima ambaye tunakutana naye kazini mara kwa mara, mcheshi, anapenda kusimulia. Tukiwa tunakunywa chai nikamtajia kile kiwanda. Akasema, "Ah, wale! Tuliwalipa bila maneno mengi. Meneja wao alituonyesha jinsi bahari ilivyobadilika. Alisema hakuna binadamu ambaye angeweza kuzuia."

Nilikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo bima aliiambia ni bahari, na uwanjani alisema ni mdogo wangu. Mtu mmoja, msiba mmoja, hadithi mbili, na kila hadithi ilimletea faida yake. Nikamwambia yule mama, "Hebu njoo kwenye kikao chetu. Ila usije asubuhi, asubuhi ni mambo ya utangulizi tu. Njoo baada ya mapumziko."

Tathmini yetu haifanywi na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Tunawakalisha wote wanaohusika meza moja, kila mtu na kadi tano, moja mpaka tano. Tunataja kihatarishi, tunauliza uwezekano wake ni kiasi gani, kila mtu anainua kadi kwa wakati mmoja ili mdogo asimwige mkubwa. Tunauliza madhara yake, tunainua tena. Ukiinua kadi inayotofautiana na wenzako, unatoa sababu. Na haiandikwi alama yoyote mpaka kadi zote ziwe juu. Mwisho wake ni ubao wenye vyumba vya kijani, njano na nyekundu. Kihatarishi kikiangukia nyekundu, benki inafunga mkoba.

Chumba cha mikutano cha Tutaona kilikuwa na viti vipya ambavyo bado vimevaa nailoni zake, ukijisogeza vinapiga kelele za aibu. Kiyoyozi kilikuwa kinavuja kwenye ndoo. Kwenye meza walikuwepo afisa wa benki, kijana wa suti anayependa kukubali. Fundi pampu, aliyeletwa kuwakilisha wafanyakazi na ambaye tangu aingie alikuwa anatazama mikono yake. Kanuni, naibu wangu. Na Tutaona mwenyewe, amenyoa vizuri, ananukia, anacheka na kila mtu. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Alinipa mkono kwa heshima zote. Nikaupokea.

Asubuhi alikuwa anainua moja kwa kila kitu. Mawimbi makubwa, moja. Mafuta ya meli kumwagika, moja. Kina cha bahari kupanda, moja, na kijimzaha juu yake kwamba bahari ikipanda mpaka pale basi watu wa pale watavulia dirishani. Afisa wa benki akacheka. Na mimi nikacheka, maana mtu unayetaka kumwona anaanguka, usimharibie kiti.

Tukafika kwenye maji yasiyo na oksijeni.

"Hapa mliwahi kupata hasara kubwa," nikasema. "Tueleze chanzo, ili tujue tupige alama gani."

"Hilo halitusumbui tena," akasema. "Bahari haikuwa na kosa. Kulikuwa na binti mmoja mzembe, mkuu wa maji. Alichezea mitambo. Tukamfukuza, na hatari ikaondoka naye. Mimi ningesema moja."

Fundi pampu aliinua macho kidogo, akayarudisha kwenye mikono. Afisa wa benki aliandika *binti, amefukuzwa* na kupiga mstari chini yake, nikaona kabisa.

"Tuweke kadi chini kwanza," nikasema. "Kuna mjumbe mmoja amechelewa. Tupumzike, tukirudi tutaendelea hapo hapo."

Tuliporudi, mama wa bima alikuwa ameshakaa, anajipepea. Tutaona alipoingia mlangoni akamwona, lile tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

"Karibu, mama," nikasema. "Bwana meneja alikuwa anatueleza chanzo cha vile vifo vya kamba. Hebu endelea, bwana meneja. Mwenzetu hakusikia."

Akakohoa. Akamimina maji. "Nilikuwa nasema... kwamba bahari, kama mnavyojua, imebadilika sana."

"Samahani," afisa wa benki akasema, mtoto wa watu, bila hila yoyote. "Si umesema bahari haikuwa na kosa? Ni yule binti?"

"Binti gani?" akauliza mama wa bima.

Jamani, raha niliyoisikia pale siwezi kuificha. Mtu alikuwa anajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, na mimi nimekaa pembeni nimeshika kijiko. Akisema ni binti, mama wa bima atataka kujua kwa nini walilipwa. Akisema ni bahari, alama inakuwa nyekundu na bomba la pili analiota usingizini. Alijaribu kupita katikati. Akasema ni mchanganyiko. Kanuni akamwambia hakuna kadi ya mchanganyiko.

Mwishowe akachagua. "Ilikuwa bahari," akasema, sauti imeshuka. "Yule binti... watu walikuwa na hasira. Ilibidi kuwe na mtu. Lakini kwa kweli, hakuna ambaye angezuia."

"Hakuwa na kosa?" nikauliza.

"Hakuwa na kosa."

"Kadi," nikasema.

Tano na tano. Kanuni akapaka chumba kile wino mwekundu, taratibu, mpaka kwenye pembe.

Jioni nilifika kwa mama natembea juu juu. Mdogo wangu alikuwa amekaa sakafuni anaweka pete kwenye pazia la mteja. Nikasimulia kila kitu. Nilimwigiza Tutaona alivyokohoa, alivyomimina maji, alivyoviliza viti kwa matako yake, mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Amekiona cha mtema kuni!" mama akasema. "Na bado!"

Mdogo wangu alikuwa anaendelea na pete zake.

"Amesema mwenyewe, mbele ya benki na bima," nikamwambia. "Hakuwa na kosa. Maneno yake hayo. Huna furaha?"

"Alisema nani aliyeshusha kiwango?"

"Hakuna aliyemuuliza."

"Hata wewe?"

Mtego wangu ulikuwa na milango miwili, binti au bahari, nao ulinipendeza sana. Sikuwa nimeufikiria wa tatu.

"Kwa hiyo," akasema, "mimi nimetoka, yeye ametoka, bahari imebeba. Dada, kwani bahari ndiyo iliyoniambia wapo wanaoitaka kazi yangu?" Akakata uzi kwa meno. "Na kiwango chenyewe kiko wapi sasa hivi? Kimerudishwa?"

Hilo nalo sikulijua. Siku nzima nimekaa pale na kadi zangu, mtaalamu wa vihatarishi, na kitu kilichoua kile kizazi kizima cha kamba sikukiulizia. Nilikuwa nashughulika na uso wa mtu mmoja. Niliona haya, na haya yakanigeukia hasira, kama kawaida yangu.

"Kesho mnaanza saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu. Lakini wewe huwezi kuja. Ukiingia pale watauliza wewe ni nani, na mimi nilishasema sina uhusiano. Kazi yangu itaondoka."

"Yangu iliondoka," akasema, na akaanza kukunja pazia.

Mama aliacha kucheka. Alinitazama mimi, hakumtazama yeye, akasema, "Mtakwenda wote." Basi.

Asubuhi ile mlinzi wa getini alipomwona mdogo wangu alisimama wima, akampigia saluti. Tukapita. Sikumshika mkono kwa sababu angeukataa. Alikuwa amevaa gauni lake la kwenda kazini, lile lenye jina la duka kifuani, na alitembea kwenye ule uwanja polepole kuliko inavyohitajika.

Chumbani wote walikuwa wameshakaa. Tutaona alipomwona alisukuma kiti nyuma, nailoni ikapiga kelele yake.

"Huyu anatafuta nini hapa?"

"Huyu ni nani?" Kanuni akauliza, akinitazama mimi.

Ningeweza kusema ni shahidi. Ni kweli alikuwa shahidi, na sheria yetu inaruhusu kumsikiliza yeyote aliyewahi kuendesha mitambo inayotathminiwa. Lakini nilikuwa nimechoka na milango miwili miwili.

"Ni mdogo wangu," nikasema. "Tumbo moja."

Kanuni akavua miwani. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza, nikakudanganya."

"Basi!" Tutaona akapiga meza. "Mmemsikia! Ndiyo maana! Ni mambo ya kifamilia haya, ni chuki binafsi! Yote ya jana ni batili!"

"Ni chuki, ndiyo," nikamwambia. "Nakuchukia. Tangu siku ile uwanjani sijapumzika hata siku moja kukuchukia." Mama wa bima aliweka mkono mdomoni.

Kanuni hakutazama upande wowote. Alikuwa anafuta miwani yake. "Mwenyekiti mwenye maslahi anajitoa," akasema, "na naibu anachukua kiti. Tathmini inaendelea. Alama zote za jana zitapigwa upya. Maneno aliyoyasema mjumbe kwa kinywa chake yanabaki." Akanionyesha kwa kalamu kiti kilichokuwa ukutani, karibu na ndoo ya kiyoyozi. "Wewe kaa pale. Hutasema kitu. Ya kwako tutayaongea ofisini."

Nikaenda kukaa, na Kanuni akamketisha mdogo wangu mezani, mbele ya Tutaona, akampa kadi zangu. Nilijua kazi yangu imekwisha pale pale, na nikiulizwa ningefanya tena, ila kwa akili zaidi. Kilichoniuma ni kwamba kisasi nilichokitunza muda wote huo kilikuwa kimetolewa mikononi mwangu na kukabidhiwa Kanuni, mtu asiyejua hata kukasirika.

Tutaona alikuwa amechangamka ghafla. Alama kupigwa upya ilikuwa habari njema kwake. Alikaa vizuri, akapanga kadi zake.

"Shahidi ana jambo?" Kanuni akauliza.

"Nina kihatarishi cha kuongeza," mdogo wangu akasema. "Kiongozi kuagiza kiwango cha king'ora kishushwe ili pampu zisisimame."

"Uongo huo!" Tutaona akasema. "Ana ushahidi gani?"

"Hatuko mahakamani," Kanuni akasema. "Kihatarishi kinachopendekezwa na shahidi kinawekwa mezani. Eleza."

Alieleza kwa kifupi, kama mtu anayemweleza mteja urefu wa dirisha. Kwamba king'ora kilikuwa kinalia zaidi kwa sababu bahari imebadilika. Kwamba aliambiwa ashushe, akakataa, akaambiwa tena, akatishiwa kazi. Kwamba mkono uliokishusha ulikuwa wake, na hilo hakulikana hata siku ile uwanjani.

"Fundi," Kanuni akasema. "Kiwango kiko wapi leo?"

Fundi pampu aliitazama mikono yake. "Pale pale."

"Pale wapi?"

"Pale alipokiacha Kipima. Hakijapandishwa."

Afisa wa benki aliacha kuandika.

"Kwa nini hakijapandishwa?"

"Tuliuliza, mzee." Fundi akamtupia Tutaona jicho. Jasho lilikuwa linamtoka na kiyoyozi kinavuma. "Tukaambiwa tutaona."

Mama wa bima alitoa kicheko kimoja kifupi, kisha akakumbuka ni nani aliyelipa hasara ya mara ya kwanza, akasogeza kikombe chake mbali.

"Uwezekano wa kosa hili kujirudia," Kanuni akasema. "Kadi."

Mdogo wangu aliinua tano kabla neno halijaisha. Mama wa bima, tano. Afisa wa benki aliinua nne, akamtazama fundi, akabadilisha, tano. Kanuni akainua yake. Fundi pampu alikuwa ameshika kadi mapajani, na kutoka pale ukutani niliona vidole vyake vikiikunja pembe. Ana watoto, yule. Mshahara wake unasainiwa na mtu aliyekaa mkabala naye. Akainua. Tano.

Tutaona aliinua mbili.

"Sababu ya mbili?"

"Kosa... kama lilikuwepo... lilikuwa la mtu ambaye ameshaondoka."

"Aliyeondoka ameondoka," Kanuni akasema. "Kiwango bado kiko chini. Nani anakiacha chini?"

Nje pampu zilikuwa zinavuma, zinavuta bahari ile ile.

"Sababu haijatolewa," Kanuni akasema. "Inua upya."

"Na nisipoinua?"

"Haiandikwi alama mpaka kadi zote ziwe juu. Tutasubiri."

Wakasubiri. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile maishani mwangu, na sikuruhusiwa hata kusema neno. Mikono ilianza kuchoka. Afisa wa benki aliushikilia wake kwa mkono wa pili. Mama wa bima aliegemeza kiwiko mezani, kadi bado iko juu. Mdogo wangu hakuegemea popote. Alikuwa anamtazama Tutaona usoni, na yeye alitazama dirisha, akatazama ubao, akatazama ndoo, akanitazama mimi kana kwamba ningemwokoa. Nikamtolea tabasamu.

Akainua. Tano.

"Sababu?" Kanuni akauliza, kalamu tayari.

"Kiwango kilishushwa kwa maagizo."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Sikusikia," akasema mdogo wangu.

Walikuwa wamekaa magoti yanakaribia kugusana chini ya meza. Mimi kule ukutani nilisikia, hata mlinzi nje nadhani alisikia.

"Yangu," Tutaona akasema tena, kwa nguvu kidogo. "Niliagiza mimi."

Mdogo wangu alikuwa bado ameshikilia kadi yake hewani, mkono haujatikisika.

"Anza mwanzo," akamwambia. "Na utaje jina langu."